Renault na Nissan: mwenye hisa bila kura ni mugeni katika nyumba yake

Katika soko za Goma, Butembo, Bukavu na Bunia, hakuna mutu asiyejua Fuso. Ndiyo gari inayoleta mihogo, makala na maharagi kutoka vijijini, na watu wakikaa juu ya mizigo. Ukiuliza wapakizi Fuso ni ya nani, watajibu mara moja: ni Mitsubishi, ni ya Wajapani. Jibu hilo ni nusu ya kweli. Gari ni ya Japani, lakini tangu miaka ya 2000 kampuni ya Mitsubishi Fuso iliingia mikononi mwa Wajerumani wa Daimler, ambao walifika kuwa na karibu asilimia 90 ya hisa zake. Mwezi wa Juni 2025, Daimler Truck na Toyota walitia sahihi mukataba wa kuunganisha Fuso na Hino, kampuni ya kamyo ya upande wa Toyota.

Na Mitsubishi ile ya Pajero? Hiyo ni kampuni ingine kabisa. Mwaka 2016 Nissan ilinunua asilimia 34 ya hisa zake. Na Nissan yenyewe, tangu 1999, mwenye hisa wake mukubwa alikuwa Renault ya Ufaransa. Alama kwenye pua ya motokari haionyeshi tena mwenye mali ni nani.

Hakuna ubaya kampuni kuungana. Kutengeneza aina moja mupya ya motokari kunaomba feza nyingi sana, na kidole kimoja hakivunji chawa. Ubaya unaanza wakati wawili wanaitwa washirika mbele ya watu, lakini kwenye karatasi mumoja ana kura na mwingine hana. Historia ya Renault na Nissan inaonyesha jambo hilo wazi. Wakongomani wanapaswa kuisoma kwa makini, kwa sababu inchi yao nayo ina washirika wengi katika migodi, na mara nyingi inakaa upande wa munyonge.

Mwokozi aliyekuja na feza

Mwanzoni mwa 1999 Nissan ilikuwa karibu kuanguka. Deni lake lilikuwa karibu dola miliari 20, na hasara ilikuwa imekuwa desturi. Wajerumani wa Daimler, waliokuwa wametoka kuungana na Chrysler ya Marekani, walizungumza nayo, wakaangalia muzigo ule, wakajiondoa. Renault ikabaki. Mwezi wa Machi mwaka ule ilitoa zaidi ya dola miliari 5, ikapata asilimia 36,8 ya hisa za Nissan.

Renault ilimutuma Tokyo Carlos Ghosn, mutu aliyezaliwa Brazili katika jamaa ya Kilibani na kusomea Ufaransa. Mwezi wa Oktoba alitangaza mupango wake: kufunga viwanda vitano, kuondoa nafasi za kazi 21.000, na kuuza hisa ambazo Nissan ilikuwa nazo katika kampuni zilizoiuzia piesi. Katika inchi ambamo mufanyakazi wa kampuni kubwa alikuwa akiingia kijana na kutoka muzee, tangazo hilo lilitisha. Lakini mwaka uliofuata faida ilirudi, na baada ya miaka michache deni lilikwisha. Ghosn akawa shujaa, hata vitabu vya katuni vikachorwa Japani kuhusu maisha yake.

Hadi hapo ni vigumu kulaumu. Aliyeleta feza wakati wengine walikimbia alistahili kuongoza. Mugonjwa hawezi kumuchagulia daktari dawa.

Karatasi ya mwaka 2002

Mwaka 2002 Renault ilipandisha hisa zake katika Nissan hadi asilimia 44,4. Baadaye zilikaa kwenye 43,4. Nissan nayo ilinunua asilimia 15 ya Renault. Katika hotuba, hayo yaliitwa kubadilishana hisa kati ya ndugu wawili. Kwenye karatasi mambo yalikuwa tofauti. Hisa za Renault zilikuwa na kura. Hisa za Nissan hazikuwa na kura hata moja, kwa sababu sheria ya Ufaransa inakataza kampuni inayotawaliwa kupiga kura katika mukutano wa ile inayoitawala. Nissan ilikuwa mwenye mali asiyeweza kuinua mukono. Serkali ya Ufaransa, ilipofika kuwa na asilimia 15 ya Renault, kiasi kile kile cha Nissan, yenyewe ilipiga kura.

Miaka ilipita na uzito ukabadilika. Mwaka 2017 Nissan iliuza motokari zaidi ya milioni 5 duniani, na Renault haikufika milioni 4. Kuna miaka ambayo zaidi ya nusu ya faida iliyoandikwa katika hesabu za Renault ilitoka Nissan. Yule aliyekuwa mugonjwa mwaka 1999 ndiye aliyekuwa sasa akimulisha daktari. Hata hivyo, kura zilibaki pale pale zilipowekwa siku alipokuwa kitandani, na zilibaki hivyo kwa zaidi ya miaka 20.

Kosa liko hapo. Mashariti magumu ya siku ya kuokolewa yanaeleweka, lakini hayapaswi kuwa sheria ya milele. Mushirika aliyepona na kufanya kazi kuliko mwenzake hawezi kukaa kimya miaka yote kwa sababu ya shukrani. Siku moja shukrani inakwisha, na inabaki hesabu.

Paris inaingia, Tokyo inakasirika

Mwaka 2015 serkali ya Ufaransa iliongeza hisa zake katika Renault kutoka asilimia 15 hadi karibu 20. Shabaha yake ilikuwa kupata kura mbili kwa kila hisa, kufuatana na sheria mupya inayowapa uwezo huo wenye hisa wa muda mrefu. Waziri wa uchumi wakati ule alikuwa Emmanuel Macron. Kwa Wajapani, habari hiyo ilikuwa na maana moja: serkali ya inchi ya kigeni itazidi kuwa na neno juu ya kampuni yao. Mwezi wa Desemba 2015, kisha mabishano makali, Ufaransa ilikubali kuwekea kura zake mupaka katika mambo mengi, na Renault iliahidi kutoingilia uongozi wa Nissan. Moto ulifunikwa majivu, haukuzimwa.

Mwaka 2018 Ghosn alipewa tena uongozi wa Renault, pamoja na kazi ya kuufanya umoja huo usiweze kurudi nyuma. Ndani ya Nissan wengi walisikia neno moja tu: kumezwa. Tarehe 19 Novemba 2018 Ghosn alikamatwa alipofika Tokyo. Alishitakiwa kuficha sehemu ya malipo yake na kutumia vibaya feza za kampuni. Alikana yote, akasema ni njama ya wale waliokataa kampuni hizo kuungana zaidi. Kesi yake haikufika mwisho: mwezi wa Desemba 2019 alitoroka Japani akijificha ndani ya sanduku la vyombo vya muziki, akafika Beirut.

Kama alikosa ao hakukosa, hiyo ni kazi ya mahakama. Jambo lililo wazi ni kwamba kuaminiana kulikuwa kumekufa mbele ya polisi kuingia. Mushirika asiye na kura hanyamazi. Anatafuta mulango mwingine: anachelewesha, anaficha, anasubiri siku ya kulipiza. Na yule mwenye kura anajidanganya, anaona kimya cha mwenzake ni kukubali.

Wote wawili walilipa bei. Mwezi wa Mei 2019 kampuni ya Fiat Chrysler iliomba kuungana na Renault. Serkali ya Ufaransa ilitaka kwanza kuwa na hakika kama Nissan itaunga mukono. Nissan haikuwa tayari. Baada ya siku chache Fiat Chrysler ikaondoa ombi lake. Ilikwenda kuungana na Peugeot, na mwezi wa Januari 2021 wakaanzisha Stellantis, yenye majina 14 ya motokari. Renault ilitazama harusi hiyo kutoka inje.

Usawa uliokuja kwa kuchelewa

Mwaka 2023 Renault ilikubali mwishowe. Yenyewe na Nissan, kila mumoja atakuwa na kura za asilimia 15 katika mwenzake. Hisa nyingine za Renault, asilimia 28,4, ziliwekwa katika mufuko wa amana Ufaransa ili ziuzwe pole pole.

Kwa nini Renault ilikubali wakati ule, na si miaka kumi nyuma? Si kwa sababu ya huruma. Ilitaka kuanzisha kampuni ya motokari za umeme inayoitwa Ampere, na ilitaka kuweka injini zake za mafuta pamoja na zile za Geely ya China. Ufundi mwingi uliohusika ulikuwa mali ya Renault na Nissan pamoja. Bila Nissan kukubali, mupango haungesonga. Mwenye nguvu anafungua mukono siku anapokuwa na shida na kitu kilicho mikononi mwa munyonge. Hilo ni funzo la kuandika kwa herufi kubwa.

Lakini haki inaomba kusema upande wa pili pia. Usawa wa kura haukuiponya Nissan. Katika mwaka wa hesabu uliokwisha Machi 2025, ilipata hasara ya zaidi ya yeni miliari 670. Ilitangaza kuondoa nafasi za kazi 20.000 na kubaki na viwanda 10 kutoka 17. Mwezi wa Desemba 2024 ilikuwa imeanza mazungumzo na Honda ili waungane. Mwezi wa Februari 2025 yalivunjika, Honda ikiwa imetaka kuifanya Nissan kuwa kampuni ndogo chini yake. Nissan ilikuwa imepata kura zake, ikakosa nguvu za kuzitumia. Anayedai heshima mezani sharti awe na nyumba iliyopangwa.

Toyota ilishika njia ingine. Yenyewe ina karibu asilimia 5 tu ya Suzuki, karibu asilimia 5 ya Mazda, na asilimia 20 ya Subaru. Kila mumoja wa hao amebaki na wakubwa wake, na wanafanya pamoja kazi zenye majina. Toyota Starlet ya sasa, inayouzwa Afrika tangu 2020, inatengenezwa na Suzuki katika India. Hakuna aliyesema Suzuki imemezwa. Toyota inajua pia kununua kabisa: mwaka 2016 ilichukua hisa zote za Daihatsu. Lakini katika hali zote mbili mambo ni wazi: ama umeinunua kampuni na unabeba jukumu lake, ama ni mushirika na unaheshimu mupaka. Renault ilitaka kuwa katikati, ikawa na uwezo wa bwana na jina la rafiki.

Congo inakaa kiti gani?

Sasa mutu wa Kolwezi ao wa Kalemie atauliza: habari za Paris na Tokyo zinanihusu nini? Zinamuhusu sana. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka katika udongo wa Congo, na sehemu kubwa inakwenda katika betri. Watu wa motokari wanajua hivyo, na wameacha kungoja madini kwenye bandari, wanafuata hisa. Mwaka 2021 CATL ya China, kampuni inayotengeneza betri nyingi za motokari kuliko zote duniani, ilinunua robo ya mupango wa CMOC katika mugodi wa Kisanfu kwa dola milioni 137,5. Baadaye CATL ikawa mumoja wa wenye hisa wakubwa ndani ya CMOC yenyewe.

Na Congo? Katika Tenke Fungurume, Gécamines ina asilimia 20, CMOC ina 80. Katika Kamoto Copper Company, Gécamines ina robo, Glencore ina sehemu zingine. Katika Sicomines, upande wa Congo una asilimia 32, upande wa China una 68. Kila mara mukataba wa namna hiyo unapozungumzwa katika redio, mujadala unakwama kwenye namba: kwa nini 20 na si 30, kwa nini 32 na si 50? Nissan ilikuwa na 15 na haikuwa na kitu. Namba peke yake haisemi neno.

Mambo yaliyotokea katika migodi hiyo yanaonyesha wapi pa kuangalia. Mwaka 2018 Gécamines ilikwenda mahakamani kuomba Kamoto ivunjwe, kwa sababu kampuni ilikuwa imejaa madeni mupaka mutaji wake ukamalizika. Madeni hayo yalikuwa sana sana ya upande wa Glencore. Hiyo ni njia inayojulikana katika kampuni za pamoja: mushirika mukubwa anaikopesha kampuni feza, kampuni inamulipa kwanza deni na riba, na faida ya kugawa inakuja nyuma, kama inakuja. Mwenye asilimia 25 anangoja. Kisha mapatano, madeni ya dola miliari 5,6 yalibadilishwa kuwa mutaji, bila Gécamines kupunguziwa robo yake.

Katika Tenke mabishano yalikuwa juu ya kiasi cha madini kilichotangazwa. Gécamines ilisema CMOC haikuonyesha akiba yote, na kwa hiyo haikulipa inavyopaswa; CMOC ilikana. Mwezi wa Julai 2022 kusafirisha madini kwenda inje kulisimamishwa. Mwaka 2023 walipatana: CMOC ilipe dola milioni 800 kwa muda wa miaka sita. Hapo pia shida haikuwa asilimia 20. Shida ilikuwa: nani anapima, nani anaona hesabu, nani anaamini namba za nani.

Kuna watakaosema kwamba Congo haina feza za kuchimba, na mwenye feza ndiye anayeongoza. Ni kweli, kama ilivyokuwa kweli kwa Nissan mwaka 1999. Hakuna wa kutazamia kwamba kampuni italeta miliari halafu ikubali kuongozwa na asiyetoa kitu. Sheria ya migodi ya 2018 imeshapatia serkali hisa asilimia 10 bila kulipa, na hisa hizo haziwezi kupunguzwa. Ni hatua nzuri. Lakini hisa ya bure inaweza kuwa kiti cha wageni sebuleni: unaketi, unapewa kinywaji, na mambo yanaamuliwa jikoni.

Kwa hiyo, mbele ya sahihi yoyote mupya, wabunge na mashirika ya raia wanapaswa kuuliza maneno manne rahisi. La kwanza: ni maamuzi gani hayawezi kupita bila kura ya Congo? La pili: nani anamuchagua mukubwa wa feza, na nani anapima akiba ya madini? La tatu: mushirika mukubwa anaruhusiwa kukopesha kampuni kwa riba gani na hadi kiasi gani? La ine: ni mwaka gani, ulioandikwa wazi, pande zote zitarudi mezani kuangalia tena kura, kufuatana na kazi ambayo kila mumoja amefanya? Tangu 2011 kuna amri inayolazimisha mikataba ya migodi itangazwe mbele ya watu. Karatasi hizo zisomwe, na zisomwe kwanza kurasa zinazohusu kura.

Saa ya kuuliza maneno hayo si ya milele. Betri zisizo na kobalti, zile za chuma na fosfati, zinazidi kuwekwa katika motokari za China na kwingine, na CATL ile ile yenye hisa Kisanfu inazitengeneza. Renault ilikubali usawa siku ilipokuwa na shida na Nissan, na kufikia siku ile Nissan ilikuwa imeanza kuchoka. Congo ingali na kitu ambacho watu wa motokari wanatafuta. Ikingoja hadi wasikitafute tena ndipo iombe kura, itazipata bila shida, kwa sababu hakuna atakayezihitaji.